Robo Dola ya Shukrani

Mume wangu hukusanya hela zisizoweza kununua hata chumvi. Wenzangu wengine waliolewa na walevi, wengine na wapenda wanawake, mimi nikaangukia kwa mkusanya sarafu. Mwanzoni niliona afadhali. Lakini mlevi ukimfuata kilabuni unamkuta. Huyu wangu anaweza kukaa nawe sebuleni asubuhi nzima, kioo cha kukuzia jichoni, viwiko mezani, na asiwepo.

Yeye alikuwa dereva wa misheni maisha yake yote ya kazi, mimi mwalimu wa darasa la kwanza, hapa hapa Chonyonyo. Alipostaafu, ugonjwa wake ukapamba moto. Akatangaza mpaka Bweranyange kwamba anatafuta hela za kale. Sasa Bweranyange ndiko walikokaa wafalme wa zamani, na mtu akilima kibanja chake huko jembe linaweza kugonga chochote. Basi wakaja. Walileta hela za Mjerumani zenye tundu katikati, na za Mwingereza zenye kichwa cha mfalme. Walileta pia washa za nati za trekta na vitufe vya makoti ya jeshi. Mmoja alileta kizibo cha soda kilichopondwa na lori, akaapa kwa roho ya babu yake kwamba ni cha enzi za Mjerumani. Mume wangu hakumfukuza mtu. Kila aliyekuja alikaribishwa, akapewa kahawa za kutafuna, akapewa chai, akasikilizwa. Chai hiyo nilikuwa naipika mimi, lakini hilo nani analitaja?

Kati ya takataka hizo zote, samahani, yeye anaita mkusanyo, kulikuwa na moja tu ya maana. Alipewa na daktari mmoja Mmarekani wa misheni, mzee ambaye mume wangu alimwendesha kwenye matope ya huku miaka mingi. Daktari naye alikuwa na ugonjwa huo huo wa sarafu, na ndiye aliyemwambukiza. Siku anarudi kwao moja kwa moja aliwagawia wafanyakazi wake vitu. Mtunza bustani alipata baiskeli. Mpishi alipata jokofu. Mume wangu akarudi nyumbani na kitu kama kitufe cha koti, kimefungwa kwenye pamba, anacheka peke yake.

"Na jokofu?" nikamuuliza.

Ilikuwa robo dola ya fedha, ya karne ya kumi na tisa. Upande mmoja ameketi mama mwenye gauni refu, mkono mmoja ameuweka juu ya ngao, mwingine ameshika mti wenye kofia juu yake. Upande wa pili kuna ndege, yule tai wao, mabawa ameyatandaza. Hiyo ndiyo ilikuwa jokofu letu.

Alinieleza habari zake mara nyingi mpaka ningeweza kuzifundisha. Sarafu za kawaida hupigwa haraka haraka ziende sokoni. Lakini zamani, kiwandani kwao huko Marekani, walikuwa wanatenga chache. Walichukua vipande vya fedha vilivyosuguliwa mpaka vikawa kioo, wakavigonga kwa mihuri iliyong'arishwa, taratibu, zaidi ya mara moja, ili kila mkunjo wa gauni la yule mama uonekane. Hizo hazikwenda sokoni. Ziliuzwa kwa watu wenye akili kama za mume wangu, nao wakaziweka kwenye pamba. Zinaitwa prufu.

"Kwa hiyo," nikamwambia, "hii ni hela ambayo tangu izaliwe haijanunua kitu."

"Ndiyo!" akasema, macho yanamwaka, akidhani hatimaye nimeonja utamu wake.

Ililala kwenye kiboksi cha kiberiti, na ilikuwa na masharti kuliko mtoto mchanga. Hushiki usoni, unashika ukingo. Huongei ukiwa umeiinamia, mate yataruka. Juu ya yote, hufuti. Pembezoni mwake ilikuwa imeingia rangi ya zambarau na buluu. Mimi niliona moshi wa jikoni. Yeye alisema hiyo ni rangi ya umri, na kwamba wakusanyaji wenzake wa ng'ambo, anaochati nao kwenye simu, huilipia pesa nzuri rangi hiyo. Nilicheka sina mbavu. Watu wanalipia uchafu!

Lakini sikuigusa. Nilikuwa nimeshakoma. Zamani, mimi bado bibi harusi mwenye kiherehere, niliona hela zake za Mjerumani zimefubaa, nikazichukua nikazisugua kwa majivu na gome kavu la mgomba, kama sufuria za kwetu zinavyosuguliwa kabla ya wageni. Ziling'aa jamani! Nikazipanga kwenye kitambaa cheupe, nikakaa nasubiri kusifiwa. Alipoziona alikaa chini sakafuni. Kisha akafoka mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Ndiyo siku niliyojua kwamba kuna wanaume wanaopenda vitu vichafu na hawataki vioshwe. Mimi na yeye tukaheshimiana kuanzia hapo.

Kisha nikaugua.

Uvimbe tumboni. Sitausimulia, maana wanawake wa rika langu wakianza kusimuliana upasuaji hata chai hainyweki. Nilipewa rufaa kwenda Mwanza. Tulikwenda watatu, mimi, mume wangu, na dada yangu mkubwa anayekaa Rubwera. Siku ya kisu, wao wawili walikaa kwenye benchi la nje. Na hapo, kwa maelezo ya dada yangu, mume wangu alisimama ghafla, akavua kofia, akasema kwa sauti ya kusikika: "Mungu, ukinirudishia mke wangu, nitakupa kitu changu cha thamani kuliko vyote nilivyo navyo."

Laiti angenong'ona! Dada yangu ana duka karibu na ofisi za wilaya ya Kyerwa pale Rubwera, na habari ikishapita dukani kwake haihitaji redio. Mshono wangu haujakauka, Kyerwa nzima na nusu ya Karagwe walishajua kwamba shemeji yake ameweka nadhiri. Na wakajua pia ni ya nini. Ng'ombe. Tulikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, wa kisasa, mweusi na mabaka meupe, na hakuna kitu kingine kwetu ambacho mtu mwenye akili timamu angekiita cha thamani. Waliokuja kunipa pole walipitia zizini kwanza. Wengine walimtazama ng'ombe kwa huruma kuliko walivyonitazama mimi.

Nitasema wazi, maana sina wa kumficha. Nilitaka kujua. Nilijifanya sijali, nikimwambia dada, "Ah, maneno ya mtu mwenye hofu hayo, usimbane." Uongo mtupu! Ukilala na mshono tumboni, huwezi hata kucheka, unawaza mengi. Tumeishi na mtu huyu mpaka watoto wameondoka. Hajawahi kuniambia neno tamu hata kwa bahati mbaya. Sasa ameahidi mbele ya Mungu na mbele ya dada yangu, ambaye kwa kweli ni shahidi mkali kuliko Mungu. Nilitaka kuona atatoa nini. Nilitaka watu waone pia. Nilitaka, kwa mara moja tu, kanisa zima lijue mimi ni wa thamani gani kwake.

Nilikuwa nimerudi nyumbani na orodha ya daktari ya makatazo. Nisibebe ndoo. Nisikate majani. Nisilime. Mume wangu akayashika makatazo hayo kama amri kumi, akawa ananifokea hata nikiinua kikombe. Kuhusu nadhiri, kimya. Wiki zinakwenda, kimya. Nikaanza kumwonea wivu ng'ombe. Nikipita zizini tunatazamana, yeye anatafuna, mimi namuuliza moyoni, wewe ndiye bei yangu? Na hapo hapo naumia, maana maziwa yake ndiyo yanasomesha wajukuu. Nilitaka amtoe na nilitaka asimtoe. Mungu anisamehe, nadhani nilitaka amtoe kidogo zaidi.

Ikatangazwa Jumapili ya shukrani yetu. Siku moja kabla, mume wangu akamwogesha ng'ombe. Akamsugua mpaka kwato. Nikajua, basi, kwisha. Nikaingia chumbani nikalia, na mpaka leo sijui nililia furaha au hasara.

Kesho yake asubuhi akavaa koti lake, akachukua mwavuli, akasema, "Twende."

"Twende hivi hivi?"

"Hivi hivi vipi?"

Ng'ombe, msafi kama bibi harusi, alikuwa zizini anakula. Kumbe Jumamosi ile alimwogesha kwa sababu ya kupe. Njia nzima sikusema naye.

Kanisani kumejaa. Dada yangu alikuja na bodaboda kutoka Rubwera, kitenge kipya, kilemba cha kuziba watu watatu nyuma yake. Ulipofika wakati wetu tukaitwa mbele, mimi, mume wangu, na ndugu. Watu wa pembeni wakawa wanainua shingo kuchungulia dirishani. Kijana mmoja wa kwaya alitoka kabisa nje kutazama ng'ombe amefungwa upande gani.

Mchungaji akampa mume wangu nafasi ya kusema neno. Akasema, "Nimetoa nilichoahidi." Basi! Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa kiboksi cha kiberiti, akakiweka kwenye kikapu cha sadaka kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua moja.

Mimi nilikijua kile kiboksi. Nilijua na pamba iliyomo, maana ilinyofolewa kwenye mto wangu. Nikamshika dada mkono. Nilitaka kupiga kelele: jamani, mnajua ametoa nini? Mtu ambaye hakuiruhusu hata ipumuliwe! Lakini walichoona watu ni mwanamume aliyeahidi kitu cha thamani kuliko vyote, akatoa kiberiti.

"Njiti?" dada akaninong'oneza. "Amekushukuria kwa njiti za kiberiti?"

Mchungaji naye akafungua kidogo, akachungulia, akafunga. Akamshukuru "kwa moyo wake," kwa ile sauti ambayo huwashukuru watoto wanaoleta parachichi moja.

Nilipata nilichokitaka, basi. Kanisa zima lilijua mimi ni wa thamani gani.

Kwetu huku sadaka za vitu huuzwa nje baada ya ibada. Ndizi, maharage, kuku, mayai, vyote hupigwa mnada kwenye majani, kwa vicheko na makelele, na pesa inakwenda kwenye kazi za kanisa. Mtu hununua mkungu akaurudisha uuzwe tena. Au humnunulia mwenzake, akatangaza mbele ya wote, "Nimemnunulia mama mkwe," na vigelegele vikapigwa. Kabla ya mnada akina mama huvipamba vitu vivutie wanunuzi. Mayai yanafutwa, maharage yanapepetwa, mikungu inapanguswa utando wa buibui. Kiongozi wa kazi hiyo ni bibi mmoja jirani yetu, ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Burundi, na mikono yake haijawahi kuacha kitu kikiwa kichafu. Nampenda sana. Nilipokuwa Mwanza ndiye aliyekuwa anakuja kunifagilia uwanja.

Mimi nilikuwa mlangoni pa kanisa nabanwa na watu wanaonipa mkono na kunitazama kwa huruma. Nikaangaza kwenye majani. Nikamwona bibi amekaa chini, miguu ameinyoosha. Pembeni yake jiko la mafiga lililochemshiwa chai ya wageni. Kiboksi kiko wazi. Mkono mmoja ameshika gome kavu la mgomba, kidole cha mwingine kiko kwenye majivu.

"Bibi!" nikaita. Makelele yakaimeza sauti. Nikataka kukimbia, mshono ukanikumbusha. Nilikwenda kwa mwendo wa bata, na kila hatua naona kiwiko chake kinakwenda na kurudi, kinakwenda na kurudi.

Mume wangu alinitangulia. Alikuwa upande wa pili na aliona wakati ule ule nilioona mimi. Alifika, akasimama juu yake. Mimi nikafumba macho, maana nilikumbuka ile siku ya hela za Mjerumani, na nikasema leo atamfokea bibi wa watu mbele ya kanisa, halafu tuhame kabisa.

"Aa, mwanangu," nikamsikia bibi, "nilikuta imeshika moshi huku pembeni, nikasema tutaaibika mnadani. Mkeo ametoka kwenye mauti, sadaka yake inauzwa na masizi? Hebu tazama sasa!"

Akaiinua juani. Iling'aa, haki ya Mungu, kama sufuria ya harusi. Zambarau yote imekwenda, buluu yote imekwenda.

Mume wangu aliitazama. Kisha akachuchumaa mpaka akalingana naye.

"Asante bibi," akasema. "Umeifanyia kazi nzuri."

Mimi ndiye niliyegeuka nikaenda nyuma ya mgomba kulia.

Mnada ukaanza. Anayenadi kwetu ni mzee mmoja wa kanisa, sauti kama tarumbeta, anaweza kukuuzia kuku wako mwenyewe ukashukuru. Mikungu ikaenda, maharage yakaenda, jogoo mmoja akauzwa na kurudishwa mpaka akachoka. Ikafika zamu ya robo dola. Mzee akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma.

"Ndugu zangu, hii hapa ni... hela. Ya Marekani. Ya zamani."

"Inanunua nini?" mtu akauliza.

Mzee akamtazama mume wangu. Mume wangu, mtu wa ukweli wakati usiofaa, akajibu, "Hainunui kitu."

Kicheko kilichopasuka hapo, wee! Mzee akaita, hakuna. Akaita tena, akaisifu mng'ao, akasema inafaa kwa kidani, hakuna. Mwisho kijana mmoja akataja bei ya yai, kwa kumwonea mzee huruma.

"Bei ya yai!" mzee akapaza. "Bei ya yai, nani anaongeza?"

Dada yangu aliniegemea. "Mdogo wangu," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na kejeli, machozi yalikuwa yanamlenga, "nilimsikia kwa masikio yangu akiahidi. Yai?"

Hapo hasira ikanipanda. Sikumkasirikia mume wangu, sikumkasirikia bibi. Nilikasirika tu, kama mtu anavyokasirika akisikia anatukanwa kwa lugha wasiyoijua wanaomtukana. Nikasimama.

"Bei ya kuku!" nikasema.

Watu wakageuka. Na hapa ndipo niliposahau tabia za nyumbani. Kwenye mnada wa kanisa, ukionyesha kwamba unakitaka kitu, umekwisha. Wenzako watakupandishia kwa furaha, maana unakamuliwa kwa ajili ya Mungu na hakuna atakayelaumiwa.

"Anaitaka! Mpandishieni mwalimu!" mtu akapiga kelele. Nafikiri nilimfundisha kusoma, mshenzi yule. Basi ikawa shangwe. Huyu bei ya mkungu, yule bei ya mikungu miwili, waliokuwa wanacheka dakika chache nyuma sasa wanaisifu mng'ao. Mume wangu aliniashiria nikae. Sikukaa. Dada yangu, ambaye haelewi kitu ila hakubali kushindwa, akawa ananisukuma mgongoni, "Ongeza! Ongeza!" Tukafika bei ya mbuzi. Mbuzi dume, si kitoto. Wengine wakaishiwa pumzi. Mzee akahesabu, akapiga kofi, ikawa yangu. Pesa ya kitambaa cha suti niliyokuwa nimejiwekea ya kusherehekea kupona, ilikwenda yote.

"Mwalimu, umemnunulia nani?" mzee akauliza, maana ndiyo desturi.

"Nimemnunulia mume wangu," nikasema.

Vigelegele! Bibi alivipiga kuliko wote, akidhani ni kwa ajili ya majivu yake. Mume wangu akaja mbele, akaipokea. Nilimwona vidole vinatafuta ukingo kwa mazoea, kisha vikaacha. Akaifumbata kiganjani.

Nyumbani hakuvua koti. Alikwenda moja kwa moja mezani, dirishani penye mwanga, akachukua kioo chake. Nilikaa mbele yake, safari hii nilitaka awepo.

"Ina mistari," akasema. "Kama shamba lililolimwa. Hii si prufu tena. Imekufa."

"Kulikuwa na mtu wa kuinunua?" nikamuuliza. Sijui kwa nini sikuwahi kuuliza.

Akatoa simu, akanionyesha maneno ya mkusanyaji mmoja wa huko huko Marekani. Alikuwa anamwomba aiuze tangu mwaka jana. Kwa kiasi alichotaja tungenunua pikipiki mpya, na mafuta ya kuzunguka nayo Karagwe yote mpaka tuchoke.

"Pikipiki!" nikasema. "Mzee wewe! Si ungeuza, ukatoa pesa? Kanisa lingepata kitu, mimi nisingeitwa yai mbele za watu!"

"Ningeuza ningepata pesa," akasema, bado ameinamia kioo. "Pesa siyo niliyoahidi."

Nikainuka, nikamvua koti.

Siku hizi robo dola inakaa mfukoni mwake, pamoja na funguo na kahawa za kutafuna. Haina masharti tena. Wajukuu wanaichezea, wageni wanaing'ata. Ameitumia kukwangulia vocha, kufungulia kopo la rangi, na kukaza skrubu ya redio. Yule mama aliyeketi ameanza kupoteza pua. Mambo yote ambayo hela hufanya anayafanya nayo, isipokuwa kununua.

Imepata na kazi ya kudumu. Nilipochoka kufokewa kuhusu ndoo na majani ya ng'ombe, nilimwambia mimi si yai kweli, nitafanya zamu yangu. Tukagombana siku nzima. Mwisho tukakubaliana hela iamue. Kila asubuhi anairusha. Ikilala upande wa mama, yeye anakwenda kukata majani. Ikilala upande wa ndege, nakwenda mimi. Anairusha juu, anaidaka, anaifunika kwa kiganja, anachungulia peke yake kama mtu anayeangalia mtihani.

"Mama," anasema, anachukua panga na kamba.

Nikaona nina bahati mbaya kupita kiasi. Kila siku mama! Nikamwambia hela yako hiyo bibi aliisugua mpaka ikaharibika uzito. Akasema inawezekana.

Juzi nilikuwa nimesimama nyuma yake mlangoni, hakujua. Akairusha, akaidaka, akafungua kiganja. Ndege, mabawa wazi kabisa.

"Mama," akaita kuelekea jikoni, ambako alidhani niko. Akaichomeka mfukoni, akachukua panga na kamba, akashuka kibanjani. Nami nikanyata kurudi jikoni, nikaguna kwa sauti ya mtu aliyeshindwa kihalali, nikaweka maji ya chai.